Corolla 110: bolti ya kumwagia oili inazunguka haikazi, nyuzi za sampu zimekufa. Dawa ni ipi?

mwendo_pole

Wakuu, habari za leo. Gari ni Toyota Corolla AE110, injini 5A-FE. Tangu oili ibadilishwe mara ya mwisho, bolti ya kumwagia oili kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) haikazi. Ukiipa spana inazunguka, inafika mahali inakuwa nzito kidogo, halafu inalegea tena. Haijadondoka, ila inatoa tone moja kila sekunde 10 hivi hata gari likiwa limezimwa.

Ushauri niliopata mtaani unapingana:
- kufunga utepe mweupe wa mafundi bomba kwenye nyuzi na kuirudisha
- kuweka bolti "ovasaizi" inayojikatia nyuzi yenyewe
- kuchomelea kabisa, halafu oili iwe inanyonywa kwa juu
- kununua sampu nyingine iliyotumika

Nataka kujua ipi itadumu, na kama kuna inayoweza kuniharibia injini. Pia kama gari linaweza kutembea hivi kwa wiki moja nikisubiri.

---

Spana14

Nianze na swali la mwisho maana ndilo la haraka. Tone moja kila sekunde 10 ni zaidi ya matone 8,600 kwa siku. Matone 20 hivi ni mililita moja, kwa hiyo unapoteza zaidi ya ml 400 kila siku, na hapo ni gari likiwa limesimama na oili imepoa. Ikichemka inakuwa nyepesi na inatoka zaidi. Injini hiyo inabeba karibu lita 3 tu. Hata hivyo si uvujaji unaonitisha. Bolti isiyo na nyuzi inashikwa na msuguano tu, na mtetemo wa injini unaifungua taratibu. Siku ikidondoka barabarani oili yote inamwagika kwa muda mfupi sana, na taa ya oili ikiwaka kwenye dashibodi ujue presha imeshaondoka na beringi za krankishafti zinasagana kavu. Usiliendeshe. Kama ni lazima lifike gereji, livutwe.

Pili, acha kuijaribu kwa spana. Kila ukiizungusha unakula kile kidogo kilichobaki.

Kabla ya kuchagua dawa, jua kwanza kilichokufa ni nini. Hapo kuna vitu vitatu tofauti ambavyo vyote dalili yake ni "inazunguka haikazi":

1. Nyuzi za bolti zimekufa, za nati ya sampu ni nzima. Hii ndiyo bahati nzuri, unabadilisha bolti na washa yake (pete ya kuzibia chini ya kichwa).
2. Nyuzi za nati zimekufa.
3. Nati yenyewe, ile iliyochomelewa kwenye bati la sampu, imeachia weldi na inazunguka pamoja na bolti. Hapa hakuna tapu (chombo cha kukatia nyuzi) wala bolti itakayosaidia.

Namna ya kuitoa: gari liwe kwenye stendi mbili, ardhi tambarare, magurudumu ya nyuma yamewekewa vigingi. Jeki peke yake usiiamini hata dakika moja. Weka beseni safi chini, safi kweli, maana utataka kuangalia vipande vya chuma. Ingiza ncha ya bisibisi bapa nyuma ya shingo ya bolti, isukume itoke nje huku unazungusha kwa mkono wa pili kuelekea kulegeza. Ule mvutano ndio unaozipa nyuzi zilizobaki kitu cha kushika. Ikiwa kichwa nacho kimeshalika pembe, tumia bokisi (spana ya kikombe) ya pembe 6, siyo ya pembe 12. Ya pembe 12 inashika kwenye kona, na kona ndizo zilizokwisha. Ikishindikana kabisa, bokisi iliyo ndogo kidogo kuliko kichwa igongwe kwa nyundo iingie kwa nguvu.

Ikitoka, leta majibu ya mambo haya matatu:

- Sumaku inashika kwenye sampu? Ikishika ni bati la chuma. Isiposhika ni aluminiamu, na dawa ni nyingine.
- Weka rula kwenye nyuzi za bolti uhesabu. Bolti halisi ya Toyota hapo ni M12 (kipenyo mm 12) yenye hatua, yaani umbali kati ya uzi na uzi, ya mm 1.25; ndani ya mm 10 utahesabu nyuzi 8.
- Kwenye nyuzi za bolti kumenasa kama springi nyembamba ya chuma? Hiyo ni nyuzi ya nati iliyong'oka ikabaki imejisokota kwenye bolti.

---

fundi_kerezo

Naunga mkono hapo juu. Naongeza kwa nini nyuzi hizi zinakufa, maana usipojua sababu utatengeneza leo na mwakani unarudi palepale.

Mara nyingi mkosaji ni washa. Washa ya bolti ile imetengenezwa ilainike na kubonyea mara moja ijaze mikwaruzo ya uso wa sampu. Ukiirudisha mara ya tatu, ya nne, imeshakuwa ngumu na bapa, haizibi tena. Linaonekana tone, anayekaza anaongeza nguvu. Tone linaisha kwa sababu chuma kimevutwa, siyo kwa sababu washa imeziba. Oili inayofuata anaongeza tena. Katika nyuzi nane za nati, tatu za kwanza upande wa kichwa ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mzigo, kwa hiyo zinaanza hizo, halafu mzigo unahamia kwa zinazofuata, mpaka zote.

Sababu ya pili ni bolti ya kuokoteza. Bolti ya M12 ya duka la vifaa vya ujenzi ina hatua ya 1.75. Inaingia mzunguko mmoja au miwili kwa vidole, halafu inagoma. Mwenye haraka anaipa spana, nayo inajikatia njia kwa kuzivunja nyuzi za 1.25.

Sasa zile nne za mtaani.

Utepe mweupe: hapana. Sehemu hii haizibwi na nyuzi, inazibwa na washa chini ya kichwa. Utepe hauongezi nguvu yoyote, na vipande vyake vikikatika vikaingia ndani vinakwenda kukaa kwenye chujio la pampu ya oili.

Kuchomelea sampu ikiwa kwenye gari: hapana, na nasisitiza. Ndani kuna mvuke wa oili wenye petroli kidogo, unaweza kushika moto. Umeme wa weldi nao ukitafuta njia ya kurudi unaweza kupita kwenye beringi, diodi za alteneta au kompyuta ya injini. Weldi ya sampu ni juu ya meza, sampu imeoshwa na imekauka.

Sampu iliyotumika: ni njia nzuri tu, ila chukua bisibisi na bolti mpya ya 1.25 uende navyo dukani. Ingiza bolti kwa vidole mpaka mwisho. Ikikwama au ikitingishika pembeni, iache. Tazama pia ukingo wa sampu kwa kuuweka juu ya kioo au meza bapa. Sampu nyingi za kuvunjia zimeng'olewa kwa tindo na ukingo umepinda, hiyo itavuja kote.

Hiyo ovasaizi nawaachia wengine, maana najua hapa tutabishana.

---

Bandari_Dizeli

Tubishane basi, kwa amani. Ovasaizi siyo ushetani. Zipo za M12.5 hivi, zina mfereji uliochongwa kwenye ncha ili ijikatie nyuzi mpya kwenye mabaki ya zamani. Kwenye sampu ya chuma, ikiingia wima, inashika. Kosa ni namna watu wanavyoifunga: wanaipeleka kwa spana ya mdomo wazi, inaingia imelala, uso wa washa haukai sawa, linavuja milele.

Ukiamua kwenda njia hiyo: jaza grisi kwenye mfereji ishike vumbi la chuma, anza kwa vidole ukiangalia kutoka pande mbili kama imesimama wima, zungusha nusu mbele robo nyuma, toa, futa, weka grisi mpya, rudia. Na ukishaiweka usiitoe tena kila oili. Tafuta ile yenye bolti ndogo katikati, hiyo ndogo ndiyo unayofungua.

Kwenye aluminiamu usithubutu. Inapanua shimo na inaweza kupasua sampu pembeni ya shimo, ukose sampu nzima.

---

mwendo_pole

Asanteni sana wakuu. Majibu: sumaku inashika kwa nguvu. Kwenye mm 10 nimehesabu nyuzi zisizofika 6. Kuna kipande cha springi nyembamba kimejisokota karibu na kichwa, mizunguko kama miwili. Nati nimeipapasa kwa kidole ndani, haichezi.

---

Spana14

Basi kesi imeeleweka. Nyuzi zisizofika 6 ndani ya mm 10 ni ile 1.75 aliyoitaja fundi_kerezo. Umefungiwa bolti ya ujenzi. Hiyo itupe kabisa, isije ikarudishwa na mtu mwingine.

Usikimbilie kupanua. Bolti iliyong'oa mizunguko miwili karibu na kichwa maana yake imeua nyuzi za mwanzo, lakini huenda za ndani zimejikunja tu. Tafuta tapu ya M12 x 1.25. Kwa Dar es Salaam ulizia Gerezani, Nairobi ulizia Kirinyaga Road, lakini soma namba iliyochongwa shinani, usikubali kuambiwa "ni ya 12 tu". Tapu zinauzwa tatu kwa seti. Hapa tumia ya pili au ya tatu, kwa sababu ya kwanza ina ncha ndefu iliyochongoka na inaweza kufika kwenye chujio la pampu ya oili lililo karibu na sakafu ya sampu. Funga mkanda wa karatasi kwenye tapu kuonyesha mwisho wa kuingia: urefu wa nati pamoja na mm 5, basi.

Grisi nzito kwenye mifereji ya tapu. Anza kwa vidole. Ikipata njia ya zamani utaisikia inatulia, haitingishiki. Kisha mpini: nusu mbele, robo nyuma. Kila mizunguko miwili toa yote, futa kwa kitambaa cheupe, weka grisi mpya. Kitambaa ndicho ushahidi wako. Vumbi laini linalong'aa ni kawaida, ila ukiona vipande virefu kama sindano ujue tapu haijapata njia, inakata mpya juu ya zamani. Simama hapo.

Ukimaliza, chukua bolti mpya halisi bila washa, ingiza kwa vidole na uhesabu mizunguko kamili inayoingia ikiwa imeshika bila kuchezacheza. Kwangu mpaka ni mitano. Ikishika mitano au zaidi, hiyo nati itafanya kazi. Chini ya hapo usijidanganye, inaweza kukaza leo na kuachia injini ikichemka.

Kusafisha: weka sumaku ndogo yenye shingo laini ndani ya shimo, izungushe kwenye sakafu ya sampu, toa, futa, rudia mpaka itoke tupu. Halafu mimina nusu lita ya oili ya bei nafuu kutoka juu, shimo likiwa wazi, ikinge kupitia kitambaa cheupe. Fanya mara mbili. Usiwashe injini katikati ya kazi hii hata sekunde moja, pampu itavuta vumbi lote. Badilisha na filta.

---

fundi_kerezo

Ikishindikana hapo, ndipo sampu ishuke. Ni kazi ya nusu siku kwa mwenye vifaa. Bolti za pembeni ni ndogo za spana 10, na bomba la mbele la ekzosi linalopita chini litalazimika kulegezwa kwanza. Hakuna gasketi ya karatasi, imegandishwa kwa silikoni. Ikatwe kwa kisu chembamba cha ukarabati kinachopenyezwa kati ya sampu na injini na kugongwa kuelekea pembeni. Bisibisi inapinda ukingo.

Ikiwa mezani una njia mbili.

Ya kwanza, kuipanua kuwa M14 x 1.5. Biti ya mm 12.5, kwenye drili ya kusimama siyo ya mkononi, kisha tapu. Bolti ya size hiyo haikusumbui kuipata, Honda na Mitsubishi wengi wanatumia M14 x 1.5, kichwa spana 17, na washa zake zipo kila duka. Lakini pima kwanza nati kwa nje kwa venia (kipimo cha kubana). Ukishatoboa M14 unataka ibaki nyama ya angalau mm 2.5 kila upande, yaani nati isiyopungua mm 19. Nyembamba kuliko hapo itapasuka.

Ya pili, na mimi ndiyo ninayoipenda: kata nati ya zamani, chomelea mpya ya M12 x 1.25. Gari linabaki na size yake ya kiwandani, na yeyote atakayefungua baadaye atakuta anachotarajia. Nati isiwe ya rangi ya zinki, moshi wake ukichomelewa ni sumu kwa mapafu na weldi inatoka na matundu. Kabla ya kuchomelea, funga bolti ya zamani nzuri ndani ya nati ikiwa na washa ya chuma chini yake, iishike nati iwe mraba na uso wa nje, la sivyo joto litaivuta ilale. Weldi vipande vinne mkabala kwanza, acha ipoe, ndipo uzungushe.

Baada ya kupoa pitisha tapu, halafu jaribu matundu: paka chaki nje kuzunguka weldi, funga bolti, mimina mafuta ya taa ndani yafunike sehemu hiyo, acha nusu saa. Mafuta ya taa yanapenya mahali ambapo oili haipiti. Penye tundu hata la sindano chaki inageuka rangi na kuwa na alama ya unyevu. Ukiiona, saga hapo uchomelee upya, usipake silikoni juu.

Wakati wa kurudisha, nyuso zote mbili ziwe kavu, zimefutwa kwa tina. Silikoni nyeusi ya injini, uzi wa mm 3 hadi 5, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti. Ukizidisha, ile inayobanwa kuelekea ndani inakatika na kwenda kwenye chujio. Sampu ipande ndani ya dakika chache kabla uso wa silikoni haujaanza kukauka. Mimi oili siweki mpaka kesho yake.

---

mkazi_wa_Ujenzi

Samahani kuingilia. Gari langu sumaku haishiki, ni sampu ya aluminiamu, na dalili ni zile zile. Nifuate hatua hizi?

---

Bandari_Dizeli

Sehemu ya kuitoa na kusafisha, ndiyo. Ila vipande vya aluminiamu havivutwi na sumaku, kwa hiyo unategemea grisi na kumimina oili tu. Mimina mara tatu badala ya mbili. Afadhali zaidi ushushe sampu.

Dawa yako ni kuvalisha nyuzi mpya za chuma. Kuna aina mbili: ya springi, maarufu Helicoil, na ya bushi nzima, kama Time-Sert. Kwa bolti inayofunguliwa kila baada ya kilomita 5,000, bushi ni bora, maana springi inaweza kutoka pamoja na bolti. Zote zinahitaji biti na tapu zinazokuja kwenye seti yake. Tapu ya kawaida haiwezi kufanya kazi hiyo.

Ukitumia springi, iishie chini ya uso wa sampu kwa karibu mzunguko mmoja, ili washa ikae juu ya aluminiamu yenyewe na si juu ya waya. Ikichomoza hata kidogo, oili itafuata mkondo wa springi na kutokea nje. Na ile ncha ya kuingizia inayovunjwa mwishoni, ihesabu: imetoka au bado iko ndani ya sampu? Usifunge mpaka uwe umeishika mkononi.

---

mwendo_pole

Tapu ya 1.25 imepatikana. Baada ya kupitisha, bolti mpya inashika mizunguko 6 bila kuchezacheza. Swali la mwisho: niikaze kiasi gani? Sina spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza).

---

Spana14

Sita inatosha, usipanue. Nunua washa halisi, namba yake ni 90430-12031, na uwe unabadilisha kila oili. Futa uso wa sampu mpaka usiache alama kwenye kitambaa. Nyuzi zikae kavu, bila gundi wala silikoni.

Kwa bolti hii kwenye Toyota nyingi kipimo ni Nm 37. Kwako, nati ikiwa imepoteza nyuzi mbili, ningeishia 30. Bila spana ya toki, tumia mizani ya springi ya kuning'iniza kama ile ya bucha. Chukua spana ringi ya 14, pima sm 20 kutoka katikati ya bolti, funga kamba hapo, uvute kwa mizani ukiwa mraba (digrii 90) na mpini. Kilo 15 kwenye mizani ni kama Nm 30, kilo 19 ni Nm 37. Ukivuta kwa mshazari mizani itakudanganya, utakuwa umekaza kidogo kuliko namba inavyosema.

Washa injini dakika 10, zima, subiri oili ishuke, pitisha kidole kikavu chini ya bolti. Rudia kesho asubuhi kabla ya kuwasha. Ukikuta unyevu usiongeze nguvu: toa oili, angalia washa imebonyea sawa pande zote au upande mmoja. Ikiwa ni upande mmoja, tapu iliingia imelala, na hapo rudi kwenye ujumbe wa fundi_kerezo kuhusu kuchomelea nati mpya.